Sura ya Sita: Ukifika Kwa Remmy, Nipigie

Kumwalika mtu Dar es Salaam ni kazi mbili. Kwanza unamwambia kuna shughuli, siku fulani, saa fulani. Halafu unamfikisha. Kazi ya kwanza watu wengi wanaifanya vizuri sana: kadi imechapishwa kwa maandishi ya dhahabu, majina ya familia zote mbili yamepangwa kwa heshima, rangi ya siku imetajwa. Ya pili wanaiachia simu. Matokeo yake unayaona Jumamosi yoyote jioni pembeni ya Barabara ya Shekilango. Mama kavaa kitenge cha sare, zawadi iko mkononi kwenye karatasi ya kung'aa, simu sikioni, anageuka huku na huku. “Nimeshashuka. Sasa nafuata wapi?” Huko anakopiga muziki umeshafunguliwa, na aliyepokea simu hasikii neno.

Sura hii nimeiandika kwa ajili ya mama huyo. Kwangu mimi mtu hajaalikwa mpaka ajue njia, na anayepaswa kuijua njia hiyo kwa niaba ya wote ni mwenye shughuli.

Tuanze na mwaliko wenyewe. Rafiki wa karibu haalikwi kwa kadi peke yake. Akiipata kadi kupitia mtu wa tatu, au akakutana na picha yake kwenye grupu la WhatsApp lenye watu mia mbili, atajua kwamba ametangaziwa tu kama wengine. Mpigie. Kama anakaa jirani, nenda kwake. Maneno hayahitaji mapambo:

“Shoga, Jumamosi ya wiki ijayo Neema anapata kipaimara. Tukitoka kanisani tunakula hapa hapa nyumbani. Njoo na shemeji, na watoto uje nao.”

“Jamani, Neema kakua! Nije na nini?”

“Usije na kitu. Nakutaka wewe.”

Mama Neema kamaliza kila kitu hapo. Siku imetajwa, sababu imetajwa, mahali pametajwa, na shoga yake hatabaki kujiuliza kama mumewe kaalikwa au watoto waachwe kwa jirani. Kadi zetu za mjini zina singo na dabo, na mgeni anayepewa singo anaelewa bila kuambiwa kwamba kiti ni kimoja. Mwaliko wa mdomo hauna alama hiyo, kwa hiyo ni lazima useme. Mwanamke aliyekuja na watoto watatu mahali ambapo sahani zimehesabiwa anaona aibu ambayo haikuwa yake. Aliyekosea ni aliyemwalika kwa neno moja, “njoo”.

Lipo jambo la mchango, nalo nitalisema wazi. Harusi ya mjini hutanguliwa na vikao, kamati, na kadi ya mchango ambayo mtu huipata miezi kadhaa kabla ya kadi ya mwaliko. Ni utaratibu mzuri. Vijana wengi wasingeweza kufunga ndoa ya ukumbini bila mikono ya ndugu na marafiki. Lakini umezaa desturi mbaya ya kuwafuta kwenye orodha wale ambao hawakutoa. Rafiki yako aliyepoteza kazi mwezi wa tatu alipokea kadi yako ya mchango, akaiweka juu ya kabati, akawa anaiangalia. Anajua hana. Na wewe unajua hana. Mtu huyo ndiye wa kumpigia simu mapema kuliko wote na kumwambia, “Kiti chako kipo, usinipe sababu.” Ukumbi mzima hautaona tofauti ya sahani moja, lakini yeye ataikumbuka simu hiyo miaka.

Kwa watu wazima hali ni nyingine. Mjomba, shangazi, mwalimu aliyekufundisha darasa la tano, hao hupelekewa mwaliko kwa miguu. Unafika, unatoa shikamoo, unakaribishwa, unaulizwa habari za nyumbani, unakunywa ulichopewa, ndipo unaeleza kilichokuleta. Kama mwenye shughuli ni kijana, anatanguliwa na mtu mzima wa kusema kwa niaba yake. Pwani na visiwani nikaha hutangazwa msikitini baada ya swala, wanaume wakasikia hapo, na akina mama wakapashana habari nyumba kwa nyumba. Mzee aliyeambiwa namna hiyo hatafuti kadi. Neno limemfikia mwilini.

Kuhusu saa, sema ukweli. Kadi inaandikwa saa 12 jioni kwa sababu inaandikwa kwa watu wote, nao wanafahamika. Maharusi wataingia saa 2 usiku. Rafiki anayetoka Gongo la Mboto, mwenye mtoto mchanga mgongoni, ana haki ya kuambiwa saa ya kweli ili asikae saa mbili kwenye kiti cha plastiki akitazama jukwaa tupu. Na kama una mgeni aliyekulia Uingereza au Marekani, mwandikie saa kama simu yake inavyoisoma. Saa 1 usiku kwake ni 19:00. Nimeona watu wazima wakifika ukumbini wakati viti vinapandishwa juu ya meza kwa sababu hakuna aliyekumbuka kwamba saa yetu huanza kuhesabiwa jua likichomoza.

Sasa njia.

Sensa ya 2012 iliwakuta Dar es Salaam watu 4,364,541. Ile ya 2022 ikawakuta 5,383,728. Watu zaidi ya milioni moja wameongezeka ndani ya miaka 10, na sehemu kubwa ya mji imejengwa kabla mpimaji hajafika na kamba yake. Nyumba zimetangulia, barabara ikafuata pale ilipopata nafasi. Mji wa namna hiyo hauelekezwi kwa namba. Unaelekezwa kwa vituo vya daladala, na vituo vyenyewe vimepewa majina na watu waliokuwa wakishuka hapo.

Tabata kuna kituo kinaitwa Dampo. Hapo ndipo Jiji lilipokuwa likimwaga taka. Moshi na harufu viliwachosha wakazi, wakaenda Mahakama Kuu mwaka 1988 kuishtaki Halmashauri ya Jiji, wakashinda, na baada ya mvutano wa miaka kadhaa utupaji taka ukahamishiwa kwingine, baadaye Vingunguti, kisha Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi. Taka ziliondoka Tabata mwanzoni mwa miaka ya 1990. Jina halikuondoka. Leo bibi harusi anawaambia wageni wake washuke Dampo, wanashuka na suti zao, na hakuna anayekunja uso, kwa sababu Dampo sasa ni mahali pa kuanzia kuhesabu kona.

Mtoni kwa Aziz Ali panabeba jina la mtu aliyekuwa na mali na nyumba pale, baba yake Dossa Aziz, mmoja wa waliojitolea kwa hali na mali kuijenga TANU. Mikocheni kuna Kwa Warioba, jina la Jaji Joseph Warioba, Waziri Mkuu wa kuanzia 1985 hadi 1990. Na Sinza kuna Kwa Remmy. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, Congo, mwaka 1947. Aliingia Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1970 kupiga muziki na Orchestra Makassy, baadaye akawa uso na sauti ya Super Matimila. Akaishi Sinza, watu wakawa wanashuka “kwa Remmy”, na kituo kikakaa hivyo. Alifariki Desemba 2010. Kila siku, tangu alfajiri mpaka usiku, kondakta anachungulia ndani ya gari akiuliza, “Kwa Remmy wapo?” na sauti kutoka nyuma inajibu, “Wapo!” Wanamuziki wachache nchini wametajwa mara nyingi namna hiyo.

Nimekaa kwenye majina haya kwa sababu yanabeba kanuni ya kwanza ya kuelekeza: mtajie mgeni kituo kwa jina analoliita konda. Huenda serikali ya mtaa ina jina lake, na kibao kipya kando ya barabara kina lake. Konda hayajui hayo, na mgeni wako atakuwa mikononi mwa konda kwa saa nzima. Mwambie pia gari limeandikwaje mbele, maana Sinza inafikiwa kwa njia nyingi na kila njia inamshusha mahali pengine.

Tuchukue mfano. Mgeni anatoka Kimara, shughuli iko nyumbani kwako Sinza. Ujumbe mzuri unasomeka hivi:

“Panda mwendokasi hapo Kimara, ila uliza kwanza kama linasimama Shekilango, maana mengine yanapitiliza. Shuka Shekilango. Ukitoka kituoni vukia upande wa kushoto kama unaelekea mjini, huo ndio upande wa Sinza. Panda daladala au bajaji inayoingia Barabara ya Shekilango, mwambie akushushe Kwa Remmy. Ukishuka usivuke barabara. Utaona duka la dawa, na ubavuni mwake njia ya vumbi. Ipe mgongo lami, nyoosha na hiyo njia. Hesabu kona za kulia, ya tatu ndiyo yetu. Ukiona msikiti, ujue umenipita. Ukifika Kwa Remmy nipigie, Baraka atakuja kukupokea.”

Usomeni tena ujumbe huo polepole. Kushoto na kulia havikuachwa vikining'inia. Kushoto ni “kama unaelekea mjini”, na baada ya kushuka, mwili wa mgeni umegeuzwa kwanza: ipe mgongo lami. Mgeni akishaipa mgongo lami, kulia kwake na kulia kwako ni kulia kumoja. Ugomvi mwingi wa simuni, “Nimekwambia kulia!” “Ndio niko kulia!”, ni wa watu wawili wanaotazama pande tofauti.

Halafu kuna ule msikiti. Anayeelekeza vizuri anaweka alama mbele ya nyumba yake na nyingine nyuma yake. Ya mbele inamleta mgeni, ya nyuma inamrudisha. Bila hiyo ya pili mtu anaweza kutembea mpaka mtaa mwingine, akiamini kwamba kona ya tatu bado haijafika.

Alama yenyewe iwe kitu kisicho na miguu. Mama wa maandazi anafunga saa 4 asubuhi. Lori bovu lililokaa pale tangu mwaka jana litavutwa siku ile ile ya shughuli yako. Kijiwe cha bodaboda kinahama mvua ikinyesha. Geti jeusi, Dar es Salaam hii, ni kama kumwambia mtu atafute kunguru mweusi. Msikiti, kanisa, shule, zahanati, mnara wa simu, nguzo yenye transfoma, mti mkubwa: hivyo vinakaa. Miti hasa. Mwembechai, Mwembe Yanga, Mnazi Mmoja, Mbuyuni, yote haya ni maelekezo ya zamani yaliyogeuka majina ya mahali.

Sinza ina bahati ambayo wengi wanaokaa huko wanaisahau. Ilipimwa. Katika miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, iligawa viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ikachora njia kabla ya watu kujenga, na ndiyo maana mpaka leo Sinza ina blok zake za herufi na mitaa inayohesabika. “Kona ya tatu kulia” inawezekana huko. Ukivuka ukaingia Manzese, mbali kidogo tu kwa Barabara ya Morogoro, kona hazihesabiki. Njia inakuwa ya gari, halafu ya bajaji, halafu ya mtu mmoja, inapita chini ya kamba ya nguo, inatokea uwani kwa mtu, unasema “hodi, napita” na unapita. Manzese nayo iliboreshwa katika mradi ule ule, ikapata barabara na maji, lakini nyumba zilikuwa zimeshajengwa.

Mahali pa namna hiyo, alama bora ni mtu. Wa Manzese, Tandale, Buguruni na Vingunguti wanaelekeza hivi: shuka Tip Top, ingia na njia iliyo kando ya duka la simu, ukifika penye bomba ulizia kwa Mama Fulani anayeuza mkaa, huyo atakuonyesha. Mtu asiyekulia uswahilini akisikia hivyo anaona kama ameachwa njiani. Kumbe amekabidhiwa. Mama wa mkaa ameshaambiwa tangu asubuhi kwamba wageni watakuja, na atamtuma mtoto awapeleke mpaka mlangoni. Kinachotakiwa kwa mwenye shughuli ni kwenda kweli kumwambia. Pita kwa muuza mkaa, kwa fundi cherehani wa kona, kwa wakala wa pesa, kwa vijana wa kijiweni. “Jioni nina wageni, wakiniulizia msaidieni.” Waite kwa majina. Wape na wao sahani yao usiku, wamefanya kazi.

Tangu TANU ilipoweka mabalozi wa nyumba kumi kumi katika miaka ya 1960, balozi huyo, yaani mjumbe, pia amekuwa mtu wa kuulizwa. Mgeni akipotea kabisa, mwambie aulizie kwa mjumbe. Hata pale ambapo siku hizi watu hawajui mwenyekiti wao wa mtaa ni nani, nyumba ya mjumbe wanaijua.

Mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi nchi nzima. Nguzo zenye majina ya mitaa zikasimikwa, vibao vya namba vikapigiliwa kwenye kuta, ukawepo na mfumo wa simu uitwao NaPA wa kutafutia anwani. Mimi nausifu mpango huo bila kusita. Gari la wagonjwa haliwezi kuulizia kwa Mama Fulani saa 8 usiku, na zimamoto halina muda wa kuhesabu kona. Andika namba ya nyumba na jina la mtaa kwenye mwaliko wako, watu wazizoee. Ila usizitegemee peke yake bado. Mtoto anayecheza mpira nje ya geti lako huenda hajawahi kukisoma kibao kilicho juu ya kichwa chake, na huyo ndiye mgeni atakayemuuliza.

Lokesheni ya simu nayo ni hivyo hivyo. Tuma, lakini itume ukiwa umesimama getini, siyo ukiwa sokoni unanunua nyanya za shughuli, kama ifanywavyo kila wiki. Na ujue udhaifu wake. Kwenye mitaa iliyobanana ramani inamleta mtu mpaka ukuta wa nyuma wa nyumba, anasikia muziki, ananusa pilau, na mlango uko mtaa wa pili. Bando linaisha. Simu inazima chaji. Mwenye maelekezo ya maneno kichwani atafika hata simu ikizima.

Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, ramani ya simu inasumbuka zaidi, maana vichochoro vinapita kati ya kuta ndefu na vingine havipitishi gari. Huko unaelekezwa kwa barza. Nenda mpaka Jaws Corner, wanapokunywa kahawa na kucheza dhumna, uliza hapo. Wazee wa barza watataka kujua kwanza wewe ni nani na unakwenda kwa nani, nawe uwajibu kwa adabu, kwa sababu wakishajua atanyanyuka mmoja kukusindikiza. Tembea dakika chache tu ufike Michenzani, mambo yanageuka: majengo 10 marefu, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki, kila moja na namba yake. Huko namba ya blok, ghorofa na mlango zinatosha, na mwenyeji hana haja ya kusema zaidi.

Turudi bara, kwenye kitu kinachokosewa kuliko vyote: usiku. Watu wanaelekeza kwa macho ya mchana. Unamwambia mgeni atafute nyumba yenye bati la bluu, naye anafika saa 2 usiku, bati hilo halionekani hata kwa mwenye nyumba. Duka la dawa limefunga, kibao chake hakina taa. Nenda katembee njia hiyo usiku mmoja kabla ya shughuli, uone ni kipi kinachoonekana: taa ya zahanati, jiko la muuza chipsi, kituo cha mafuta. Hivyo ndivyo vya kumtajia. Na ufikirie umeme ukikatika. Kijana mmoja na tochi kwenye kona anamaliza tatizo lote, na akina mama wanaotembea wenyewe watakushukuru kwa hilo kuliko kwa chakula.

Ukitaja umbali, usimdanganye. “Hapo hapo tu” tunaisema kwa upendo, ili mgeni asikate tamaa, lakini aliyevaa viatu vya sherehe akiambiwa dakika 5 akatembea 20 kwenye mchanga wa Mbagala anafika amekasirika. Kama ni mbali, mwambie achukue bodaboda au bajaji, na mtajie nauli wanayolipa wenyeji. “Ni buku. Akisema buku mbili, mwambie unakwenda kwa Baba Neema.” Mgeni anayejua nauli anapanda akiwa na amani.

Hapo ndipo panapotokea jambo ambalo mimi nalipenda sana katika mji huu. Mgeni kashuka kituoni, kakutana na dereva wa boda, kajaribu kueleza kakwama. Anapiga simu. Sauti upande wa pili haisumbuki kueleza tena: “Mpe boda simu.” Mgeni anaikabidhi simu yake, pengine kitu cha thamani kuliko vyote alivyobeba, kwa kijana asiyemjua. Boda anaibana kati ya helmeti na shavu. “Ee… ee… pale kwa fundi redio? Ile njia ya bondeni… aah, kwa yule mzee mwenye ng'ombe! Sawa, napajua.” Anarudisha simu, anapiga kiki, wanakwenda. Mwenyeji na dereva hawajawahi kuonana. Wameelewana kwa nusu dakika kwa sababu wote wawili wanabeba ramani moja kichwani, yenye fundi redio, bonde na ng'ombe. Kwa hiyo siku ya shughuli lazima awepo mtu mmoja nyumbani ambaye kazi yake ni simu hiyo tu. Asiwe mama anayepakua pilau, asiwe bwana harusi. Awe mtu aliyekulia mtaani hapo, mwenye simu iliyojaa chaji, amekaa mbali na spika. Namba yake iandikwe kwenye kadi chini ya ile ya mwenye shughuli.

Na kupokea. Kuna wenyeji wanaoona kutoka nje kumpokea mgeni ni kazi ya wasio na shughuli. Mimi naona ndiyo nusu ya heshima. Mtoto wa miaka kumi akisimama Kwa Remmy, akamwona shangazi yake anashuka kwenye daladala, akamkimbilia, “Shikamoo shangazi”, akambebea mfuko, basi shughuli ya shangazi imeanzia pale kituoni. Chochote kitakachoharibika baadaye, hata soda zikiisha, atasimulia kwao kwamba walimpokea. “Mgeni njoo, mwenyeji apone,” walisema wahenga. Mgeni atakuja vipi kama haijui njia?

Limebaki la kurudi. Kadi zote zinasema saa ya kuanza, na hakuna inayosema mgeni atarudije. Saa 6 usiku daladala zimepungua, mvua inatishia, na yule mgeni aliyetoka Kimara anaangalia saa tangu keki ilipokatwa. Anaona haya kuaga kabla ya chakula cha meza kuu. Msogelee wewe mwenyewe. Muulize anarudi na nani. Kama kuna gari linaelekea Kimara, mpatanishe nalo mapema, kabla halijajaa. Kama hakuna, mwite dereva unayemfahamu kwa jina, elewaneni nauli mbele yake, msindikize mpaka kwenye chombo. Kama anataka kulala, tandika. Na simu yako usiizime usiku huo mpaka wageni wako wote wakujulishe kwamba wamefika salama.